Virutubishi vidogo katika kilimo cha alfalfa

Virutubishi vidogo katika kilimo cha alfalfa ni elementi ambazo mmea wa alfalfa (jina la kisayansi: Medicago sativa) unazihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini bila hizo hauwezi kukua vizuri wala kulisha mifugo ipasavyo. Elementi hizo ni boroni, zinki, shaba, chuma, manganisi, molibdeni, klorini na nikeli. Zinaitwa vidogo kwa sababu ya kiasi kinachohitajika, si kwa sababu ya umuhimu wake.

Suala hili linawahusu hasa wakulima wanaomwagilia alfalfa na kuikata mara nyingi kwa mwaka ili kulisha ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani. Mfano mzuri wa mazingira ya namna hiyo ni Uru, eneo la Wilaya ya Moshi Vijijini kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania. Huko mashamba ni madogo, ng'ombe hawaendi malishoni, na maji huletwa kwa mifereji ya asili iitwayo mifongo.

## Mmea wenyewe

Alfalfa ni mmea wa jamii kunde unaodumu shambani kwa miaka kadhaa. Asili yake ni Asia ya magharibi na ya kati, na leo unalimwa katika mabara mengi kama chakula cha mifugo. Mizizi yake huenda chini mita kadhaa, na majani yake yana protini nyingi kuliko nyasi za kawaida. Isichanganywe na mlusina (Leucaena leucocephala), ambao ni mti wa jamii kunde unaotumika pia kama malisho.

Kama ilivyo kwa maharagwe, mizizi ya alfalfa ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Bakteria wa alfalfa (Sinorhizobium meliloti) si wale wale wa maharagwe. Kwa hiyo shamba ambalo halijawahi kupandwa alfalfa linaweza kuhitaji mbegu zilizochanganywa na bakteria hao kabla ya kupanda.

Alfalfa hupenda udongo usiotuamisha maji na wenye pH kati ya 6.5 na 7.5. Udongo wenye asidi hudhoofisha bakteria wa vinundu na hubadilisha upatikanaji wa karibu virutubishi vidogo vyote.

## Kazi ya kila kirutubishi

* Boroni hujenga kuta za seli na kuwezesha ncha za mmea kuendelea kukua. Ndiyo kirutubishi kidogo ambacho alfalfa hupungukiwa mara nyingi zaidi duniani.
* Molibdeni ni sehemu ya kimeng'enya kinachonasa nitrojeni ndani ya vinundu. Ikikosekana, vinundu vinaweza kuwepo lakini havifanyi kazi.
* Zinki husaidia kutengeneza homoni za ukuaji na vimeng'enya vingi.
* Chuma na manganisi huhitajika katika usanisinuru.
* Shaba huhitajika katika upumuaji wa seli na katika kuimarisha mabua.
* Klorini na nikeli huhitajika pia, lakini ni nadra sana zipungue shambani.

Kobalti huongezwa katika orodha hii kwa sababu bakteria wa vinundu wanaihitaji, hata kama mmea wenyewe hauihitaji moja kwa moja.

Ujuzi huu ulipatikana polepole. Mnamo 1923 Katherine Warington, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, alionyesha kwamba aina moja ya maharagwe haiwezi kukamilisha maisha yake bila boroni. Mnamo 1939 Daniel Arnon na Perry Stout huko California walithibitisha jambo hilohilo kwa molibdeni, wakitumia nyanya. Muda mfupi baadaye, nchini Australia, iligunduliwa kwamba malisho ya jamii kunde yaliyokuwa yamedumaa kwa miaka mingi yalistawi baada ya kupewa kiasi kidogo sana cha molibdeni.

Kanuni inayoeleza matokeo hayo huhusishwa na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig wa karne ya 19: mavuno huamuliwa na kirutubishi kilichopungua kuliko vyote, si na vile vilivyo vingi. Mkulima wa Uru anaweza kuifananisha na mfongo. Ukibomoka mahali pamoja tu, maji hayafiki shambani hata kama sehemu nyingine zote ni nzima.

## Kwa nini ukataji huongeza mahitaji

Malisho yanapoliwa palepale shambani, sehemu kubwa ya virutubishi hurudi ardhini kupitia kinyesi na mkojo. Majani yanapokatwa na kubebwa hadi bandani, kila mzigo huondoka na sehemu ya rutuba ya shamba. Alfalfa inayomwagiliwa katika nchi za joto huweza kukatwa takriban kila baada ya wiki tano hadi sita. Kwa hiyo hupoteza rutuba haraka kuliko alfalfa ya mvua pekee.

Hesabu ifuatayo inasaidia kuona ukubwa wa jambo. Tuchukue robo ekari, yaani mita za mraba 1,000 hivi, inayotoa tani 1.5 za majani makavu kwa mwaka. Kwa viwango vya kawaida vya alfalfa iliyostawi, majani hayo hubeba takriban:

* kilo 45 za nitrojeni, ambayo nyingi hutoka hewani
* kilo 30 hadi 38 za potasiamu
* gramu 45 hadi 60 za boroni
* gramu 40 za zinki
* gramu 1 hadi 3 za molibdeni

Boroni ya mwaka mzima ingejaa viganjani. Hata hivyo gramu hizo zisiporudishwa, udongo huendelea kupungukiwa mwaka hadi mwaka, na mkulima huona mavuno yakishuka ingawa anamwagilia na kupalilia kama zamani.

Umwagiliaji una athari nyingine tatu. Kwanza, maji mengi kupita kiasi huosha boroni na kuipeleka chini, kwa kuwa boroni haishikwi sana na chembe za udongo. Pili, udongo wa juu ukikauka kati ya zamu moja ya maji na nyingine, mizizi hushindwa kufyonza boroni iliyomo kwenye mboji ya tabaka hilo. Ndiyo sababu upungufu wa boroni huonekana sana wakati wa kiangazi. Tatu, maji yenyewe huleta madini. Maji yenye miligramu 0.1 ya boroni kwa lita, yakimwagwa kwa kina cha milimita 500 kwa mwaka, huleta nusu kilo ya boroni kwa hekta. Kwa hiyo maji yanastahili kupimwa kama udongo.

## Mazingira ya Uru na miteremko ya Kilimanjaro

Uru ina kata kadhaa, zikiwemo Uru Kaskazini, Uru Kusini, Uru Mashariki na Uru Shimbwe. Wakazi wengi ni Wachagga, na kilimo chao cha jadi ni kihamba: shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, miti, magimbi na mboga, pamoja na banda la ng'ombe na mbuzi. Mnamo 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitambua vihamba vya Shimbwe Juu kuwa sehemu ya urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Kihamba kingi hakifiki hekta moja, nacho hugawanywa kizazi baada ya kizazi. Malisho ya ng'ombe hutoka katika majani ya migomba, mabingobingo na majani ya Guatemala yaliyopandwa kwenye kingo, na nyasi au mabua ya mahindi yanayobebwa kutoka tambarare. Kazi ya kubeba imekuwa kwa kiasi kikubwa ya wanawake. Kwa mzunguko huu rutuba ya tambarare hupanda mlimani ikiwa nyasi, hupita kwa ng'ombe, kisha huwekwa kwenye migomba na kahawa ikiwa samadi. Kihamba hunufaika, lakini shamba la tambarare hubaki likidai.

Alfalfa si zao kuu la malisho katika eneo hili. Mfugaji anayetaka kuipanda anapaswa kuzingatia tofauti za udongo kulingana na mwinuko.

Sehemu za juu, karibu na msitu, hupata mvua nyingi. Udongo wake wa volkeno una mboji nyingi, lakini mvua huosha kalisi na magnesi na kuufanya uwe na asidi. Huko molibdeni hushikwa na udongo na haipatikani kwa urahisi, huku manganisi ikiweza kuzidi. Desmodiamu na mimea mingine ya jamii kunde inayovumilia asidi huweza kufaa kuliko alfalfa.

Sehemu za kati na za chini za mteremko, ambako mvua hupungua na jua huongezeka, zinafaa zaidi ikiwa maji ya mfongo yanapatikana. Mifongo ilichimbwa na Wachagga kabla ya ukoloni na huendeshwa kwa zamu, watumiaji wakishirikiana kuisafisha na kuikarabati. Mkulima hupata maji siku yake inapofika, si siku anayotaka. Hivyo udongo hupitia vipindi vya kujaa maji na vya kukauka, hali ambayo huchochea upungufu wa boroni.

Katika tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi, mito kama Rau inakoteremkia, hatari hugeuka. Sehemu za tambarare hiyo zina udongo wenye chumvi na sodiamu. Udongo wenye pH kubwa hufunga zinki, chuma na manganisi, na boroni inaweza kuwa nyingi badala ya kidogo. Kwa sababu hiyo ushauri unaofaa Shimbwe hauwezi kuhamishiwa Mabogini bila kupima.

Jambo la nne ni shaba. Kwa miongo mingi kahawa ya Kilimanjaro ilinyunyiziwa dawa za shaba ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Utafiti wa udongo umeonyesha kwamba shaba imejikusanya kwenye tabaka la juu la mashamba ya zamani ya kahawa. Anayepanda malisho mahali palipong'olewa mibuni ya zamani hana sababu ya kuongeza shaba kabla ya kupima.

## Dalili za upungufu

Dalili huonekana kwanza kwenye majani machanga au kwenye majani ya zamani, kulingana na jinsi elementi inavyosafiri ndani ya mmea.

* Boroni: majani ya juu huwa ya njano au mekundu, huku ya chini yakibaki kijani. Ncha ya shina hudumaa au kufa, na pingili hufupika hadi majani yakaonekana yamefungamana juu. Maua huwa machache.
* Molibdeni: mmea mzima hupauka kama uliokosa nitrojeni, na vinundu vikikatwa ndani haviwi na rangi ya waridi.
* Zinki: majani machanga huwa madogo, yenye madoa au mistari iliyopauka.
* Chuma: majani machanga huwa ya njano, mishipa yake ikibaki kijani.
* Manganisi: hufanana na upungufu wa chuma, lakini mpaka kati ya mishipa na sehemu iliyopauka hauonekani wazi.

Macho peke yake hayatoshi. Unjano wa boroni hufanana na ule wa ukame na ule wa wadudu wanaofyonza majani. Tofauti moja inayosaidia ni kwamba katika ukame mmea wote hunyauka, lakini katika upungufu wa boroni ni sehemu ya juu tu inayobadilika rangi.

## Kupima udongo na majani

Sampuli ya udongo huchukuliwa kwenye kina cha sentimita 0 hadi 20 katika sehemu 15 au 20 za shamba, ikachanganywa, na takriban nusu kilo hupelekwa maabara. Ndoo ya bati isitumike, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake huchafua sampuli. Ndoo ya plastiki na jembe safi lisilo na kutu hufaa.

Kwa alfalfa, kipimo cha majani hueleza zaidi kuliko cha udongo. Mmea unapoanza kutoa maua, hukatwa sentimita 15 za juu kutoka mimea 30 hadi 40 na kukaushwa kivulini. Viwango vinavyotumiwa mara nyingi kuonyesha kwamba mmea umetosheka, kwa miligramu katika kilo moja ya majani makavu, ni hivi:

* boroni: 30 hadi 80
* zinki: 20 hadi 70
* manganisi: 30 hadi 100
* shaba: 10 hadi 30
* chuma: 30 hadi 250
* molibdeni: 1 hadi 5

Nchini Tanzania udongo hupimwa katika taasisi kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro, kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyoko Lyamungu, mkoani Kilimanjaro.

Asiyeweza kulipia kipimo anaweza kufanya jaribio dogo: kuweka mbolea kwenye ukanda mmoja wa shamba, kuacha ukanda wa jirani bila kitu, kisha kupima uzito wa majani ya kila ukanda katika mikato miwili au mitatu. Kanda zote mbili zinapaswa kupata maji sawa.

## Mbolea na namna ya kuiweka

Hatua ya kwanza ni samadi. Samadi iliyooza vizuri huwa na virutubishi vidogo vyote, na mboji yake huhifadhi maji na boroni. Hata hivyo katika kihamba samadi huenda kwanza kwenye migomba na kahawa. Mfugaji anayetaka alfalfa idumu anapaswa kulirudishia shamba la malisho sehemu ya samadi iliyotokana na majani yake.

Hatua ya pili ni chokaa pale ambapo udongo una asidi. Chokaa hupunguza manganisi iliyozidi na huachilia molibdeni iliyofungwa, kiasi kwamba mara nyingi hakuna haja ya kununua molibdeni. Lakini chokaa ikizidi hupunguza upatikanaji wa boroni na zinki.

Hatua ya tatu ni mbolea yenyewe, ikiwa kipimo kimeonyesha upungufu:

* Boroni huwekwa kwa kiasi cha kilo 1 hadi 2 kwa hekta kwa mwaka. Boraksi ina boroni asilimia 11 hivi. Kwa hiyo robo ekari huhitaji takriban kilo 0.9 hadi 1.8 za boraksi. Huchanganywa na mchanga mkavu ili isambae sawasawa, na humwagwa baada ya kukata majani, kabla ya zamu ya maji. Isiwekwe kwenye mistari pamoja na mbegu.
* Zinki huwekwa kama salfeti ya zinki ardhini, au hunyunyiziwa majani machanga ikiwa pH ya udongo ni kubwa.
* Molibdeni huhitajika kwa gramu chache tu kwa robo ekari, na mara moja hutosha kwa miaka kadhaa. Mara nyingi hupakwa kwenye mbegu.
* Chuma na manganisi zikiwekwa kwenye udongo wenye pH kubwa hufungwa haraka. Kunyunyizia majani huleta matokeo bora.

## Hatari ya kuzidisha

Kwa virutubishi vidogo, umbali kati ya upungufu na sumu ni mfupi. Boroni ndiyo mfano mkuu. Alfalfa huvumilia maji ya udongo yenye miligramu 4 hadi 6 za boroni kwa lita, mahindi 2 hadi 4, na maharagwe 0.75 hadi 1 tu. Katika eneo ambalo maharagwe hupandwa hatua chache kutoka kwenye malisho, na maji ya mfereji mmoja hupita mashamba yote mawili, kosa la kipimo hugeuka kuwa hasara ya chakula cha nyumbani. Shamba lililopewa boroni nyingi lisipandwe maharagwe katika msimu unaofuata.

Molibdeni ikizidi haiudhuru mmea bali mnyama. Ndani ya tumbo la ng'ombe, molibdeni pamoja na sulfuri huifunga shaba isifyonzwe. Uwiano wa shaba na molibdeni katika chakula ukishuka chini ya 2 kwa 1, ng'ombe anaweza kuharisha, manyoya yake kupauka hasa kuzunguka macho, na kuchelewa kushika mimba. Kinyume chake, shaba nyingi ni hatari zaidi kwa kondoo, ambao hudhurika kwa kiasi ambacho ng'ombe hustahimili.

## Mahitaji ya ng'ombe

Majani yaliyotosheka hayamaanishi ng'ombe aliyetosheka. Ng'ombe anahitaji sodiamu, iodini, seleni na kobalti, ambazo alfalfa inaweza kukua bila kuwa nazo za kutosha. Kobalti hutumiwa na vijidudu wa tumboni kutengeneza vitamini B12. Mahitaji hayo hutimizwa kwa jiwe la chumvi lenye madini au unga wa madini unaochanganywa na pumba, si kwa kuweka mbolea shambani.

## Tazama pia

* Kihamba
* Mfongo
* Mlima Kilimanjaro
* Samadi
* Jamii kunde
* Uru